Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na Tume ya Vyuo Vikuu: mnasihi hapimwi kwa karatasi peke yake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, na Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Nakala kwa Waziri wa Nchi anayesimamia TAMISEMI, yaani tawala za mikoa na serikali za mitaa, kwa sababu wahitimu wetu wengi wanaishia kwake.

Waheshimiwa,

Nafundisha unasihi, yaani kazi ya kumsikiliza na kumsaidia kitaalamu mtu mwenye shida, katika chuo kikuu hapa nchini. Wanafunzi wangu wakishahitimu hutawanyika: wengi huingia shuleni na kukabidhiwa ofisi ya malezi, wengine huenda ofisi za ustawi wa jamii za halmashauri, wengine mashirika yanayohudumia watoto na vijana, wachache hospitali. Naandika sasa kwa sababu vyuo vinapitia upya mitaala yake, kazi iliyopewa fedha na msukumo na HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, tangu 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, na katika kila kikao cha mitaala nilichokaa neno linalorudiwa ni umahiri. Sawa kabisa. Ombi langu linatoka kwenye neno hilo hilo, na nalitaja mapema msije mkahangaika kulitafuta: pasitolewe shahada ya unasihi kwa mtu ambaye hakuna mwalimu wake hata mmoja aliyewahi kumsikia akizungumza na mteja.

Huenda mkashangaa kwamba jambo hilo linahitaji kuombwa. Daktari anapitia utarajali. Mwalimu anakwenda TP, mazoezi ya kufundisha, na mkufunzi anakaa nyuma ya darasa akimtazama anavyofundisha. Mnasihi je? Anaweza kumaliza miaka mitatu akiwa amefanya kozi weki, majaribio, kazi za kikundi ambazo wawili wanaandika na nane wanaongeza majina, UE (mitihani ya mwisho wa muhula) zote bila sapu (mtihani wa marudio) hata moja, kisha akaenda fildi (mafunzo kazini) wiki kadhaa kwenye ofisi ambako alipewa kazi ya kupanga mafaili na kutoa fotokopi. Msimamizi akapita siku moja, akasaini kitabu cha kumbukumbu, wakapiga picha mlangoni, akaondoka. Mwanafunzi anavaa joho. Wiki chache baadaye binti wa kidato cha pili anaingia ofisini kwake, anafunga mlango, anakaa bila kusema neno. Hapo ndipo mtihani wake wa kwanza wa unasihi unapoanza, na hakuna mtu mwingine chumbani wa kujua kama amefaulu.

Tazameni tunachopima. Swali la kawaida kabisa ni hili: eleza masharti ya uhusiano wa unasihi kwa mujibu wa Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwanafunzi anaandika vizuri: kumwelewa mteja kutoka ndani ya ulimwengu wake, kumkubali bila masharti, kuwa mkweli. Anapata alama zote. Mwanafunzi huyo huyo nikimweka kwenye chumba cha mazoezi na mwenzake anayesimulia jinsi alivyoibiwa simu akirudi hosteli, dakika ya pili anauliza, "Na wewe usiku ule ulikuwa unafuata nini huko?" Maskini, si mtu mbaya. Hajui hata kwamba amesema hivyo. Ukimuuliza baadaye atakuambia alionyesha uelewa.

Rogers mwenyewe aliliona tatizo hili mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, akiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, alianza kurekodi vikao kwenye sahani za santuri, kwa mitambo ya wakati ule ambayo ilikuwa kazi kweli kweli, akavitumia kufundishia na kufanyia utafiti. Masharti yale tunayoyakariri yalikuja kwenye makala yake ya 1957, baada ya miaka mingi ya kusikiliza kilichosemwa hasa chumbani. Sisi tumechukua majibu yake tukaiacha njia yake, ilhali leo kila mwanafunzi ana kinasa sauti mfukoni.

Niwaeleze ninavyofundisha, kwa kuwa ombi langu halieleweki bila hilo.

Muhula wa kwanza simruhusu mtu kutoa ushauri. Wanacheka: wamekuja kusomea ushauri na kushauri ni marufuku. Lakini Mtanzania hahitaji chuo kujua kushauri. Tunashauriwa tangu utotoni na kila aliyetuzidi umri: shangazi, mjomba, shehe, mchungaji, mwenyekiti wa mtaa, kondakta wa daladala ukimpa nafasi. Mwanafunzi anafika kwangu akiwa na ghala la kauli tayari. Vumilia, ndoa ndivyo zilivyo. Mwachie Mungu. Soma kwa bidii, mengine yatapita. Wengi waliichagua kozi hii kwa sababu wao ndio marafiki waliokuwa wakiendewa na wenzao, na wanaamini, kwa nia njema, kwamba kipaji ni kujua la kumwambia mtu. Sidharau mila hiyo. Kungwi na somo walijua mambo ambayo vyuo vimeyasahau: kwamba mazungumzo mazito yana mahali pake na wakati wake, na kwamba yaliyosemwa ndani hayatoki nje. Tofauti ni kwamba kungwi anamkabidhi mwali maarifa ambayo tayari yapo. Mnasihi anapokea jambo ambalo bado halijulikani, mara nyingi hata kwa mwenye nalo.

Kwa hiyo tunakaa watatu watatu. Mmoja anasimulia jambo lake la kweli lakini dogo: bumu (posho ya mkopo wa chuo) lililochelewa, rafiki asiyelipa deni, ugomvi wa kuwasha taa usiku chumbani. Wa pili anasikiliza. Wa tatu ana karatasi na saa, na huyu ndiye anayejifunza kuliko wote. Anaandika nani ameongea kwa muda gani, maswali mangapi yameanza na "kwa nini", kimya kilidumu sekunde ngapi kabla msikilizaji hajakivunja. "Kwa nini" ni swali ambalo wengi wetu tuliulizwa kwanza na mtu aliyeshika fimbo, na mteja akilisikia anaanza kujitetea. Kugawa kazi ya mnasihi katika vipande vidogo vinavyoweza kufanyiwa mazoezi kimoja kimoja si ubunifu wangu. Allen Ivey na wenzake walianza kufundisha hivyo Colorado, Marekani, katika miaka ya 1960 na dunia nzima ya taaluma hii imewafuata. Kipande cha leo kinaweza kuwa kurudia kwa kifupi alichosema mteja, na hakuna kingine. Mtu anaweza kufanya hilo tu saa nzima na bado akashindwa.

Kisha tunarekodi. Dakika kumi kwa simu, kwa idhini ya maandishi, na faili linafutwa baada ya kutathminiwa. Mwanafunzi ananakili kila neno, pamoja na "mh" na "eeh" na vicheko vya kuficha aibu, halafu kando ya kila mstari anaandika kilichompitia moyoni wakati ule ambacho hakukisema. Njia hii ya kurudi kwenye kinasa na kumuuliza mwanafunzi alichokuwa akikiwaza ilianzishwa na Norman Kagan huko Michigan katika miaka ya 1960 hiyo hiyo. Hakuna mtihani wa saa tatu unaotoa nilichosoma kwenye karatasi moja ya namna hiyo: "Hapa niliona machozi yanakuja nikaogopa, nikamuuliza anatoka mkoa gani." Mwanafunzi aliyeweza kuandika sentensi hiyo ameanza kuwa mnasihi.

Kuna mambo ambayo vitabu tulivyoagiza havitufundishi, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndipo ninapotumia muda mwingi. Mnasihi wangu ana miaka ishirini na mitatu. Mteja wake huenda akawa mzee wa miaka sitini. Lazima amwamkie, na shikamoo ikishatoka wamekwisha kupangana nani yuko juu na nani yuko chini. Atamuulizaje mzee huyo habari za pombe, au za chumbani kwake? Huwa naomba wastaafu wanaoishi jirani na chuo waje wakae kwenye kiti cha mteja, nao wanakuja kwa furaha kubwa na hawawahurumii vijana wangu hata kidogo. Swali lao wanalolipenda ni moja: "Mwanangu, wewe umeoa?" Mwanafunzi mmoja atadanganya. Mwingine atasema hayo si ya hapa, na mzee atafunga mdomo mpaka saa iishe. Wapo wanaofika, baada ya kuanguka mara kadhaa, kwenye jibu kama hili: "Bado, mzee wangu. Naona unajiuliza kama kijana kama mimi ataelewa." Mzee akitikisa kichwa kukubali, kikao kimeanza. Hilo halifundishiki kwa slaidi.

Lugha nayo. Mihadhara ni kwa Kiingereza kwa sababu kanuni ndiyo inavyosema, na siigombi hapa. Lakini chumba cha mazoezi ni Kiswahili tupu, kwani sijapata kumwona mteja wa Kondoa au Kiteto aliyekuja kuhuzunika kwa Kiingereza. Watu wanasema moyo unauma, kichwa kimejaa, nina mawazo, silali. Mwanafunzi aliyezoea kufikiri kwa maneno ya kitabu huyapita maneno hayo akitafuta dalili za kwenye orodha. Ikifika tathmini rasmi, fomu ni za Kiingereza na inabidi tutafsiri mazungumzo kwa ajili ya faili. Ruhusuni mtihani wa vitendo ufanywe katika lugha ambayo kazi itafanywa. Hilo ni dogo na halina gharama.

Lenye gharama ni hili lifuatalo. Ukifundisha kwa njia ninayoieleza, majeraha ya wanafunzi yanaingia darasani. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na takriban mvulana mmoja katika kila saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Watoto kama hao hukua wakaja chuo. Wapo kwenye viti vyangu. Siku tunapofanyia mazoezi mada ya ukatili, mtu anasimulia mkasa wa kubuni na sauti yake inabadilika katikati, na kila mmoja chumbani anajua kwamba haukuwa wa kubuni. Mimi ndiye ninayemsahihishia. Siwezi pia kuwa mnasihi wake. Mkono unaoshika kalamu ya alama haufai kupokea siri. Hivyo nina masharti yangu: kinachosimuliwa katika watatu wetu hakipewi alama, mtu anaweza kusema "leo sitaki" bila kueleza sababu, na pawe na mnasihi wa nje ya idara ambaye mwanafunzi anaweza kumwendea bila jina lake kunifikia. Mawili ya kwanza nayaweza peke yangu. La tatu linahitaji fungu kwenye bajeti, na chuo kisicho nalo kisiruhusiwe kufungua programu hii.

Siri inanileta kwenye sheria. Wanafunzi wanapenda kuahidi, "Hili litabaki kati yangu na wewe." Nawazuia. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa hiyo mipaka ya siri anaambiwa mtoto mapema, kabla hajafungua mdomo, kwa maneno ya mtoto, na hilo tunalifanyia mazoezi mpaka linatoka bila kutisha. Mwanafunzi ajue pia anampeleka wapi: afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, simu ya bure 116. Anafanya zoezi la kupiga simu. Msicheke, mtu aliyesoma miaka mitatu anaweza kushindwa kumweleza polisi jambo kwa sentensi tatu zilizonyooka.

Pana fundo moja ambalo siwezi kulifungua darasani. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Nikimfundisha mwanafunzi kumuuliza mteja waziwazi kama amewahi kufikiri au kujaribu kujitoa uhai, na ndivyo anavyotakiwa kuuliza, namfundisha kumwomba mtu akiri jambo ambalo sheria inaliita kosa. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha katiba. Najua hilo si la wizara yenu. Lakini mkikaa Baraza la Mawaziri mnakaa na wenzenu wa sheria.

Sasa shule. Tangu waraka wa elimu wa mwaka 2002 shule zetu zimetakiwa kuwa na walimu wa ushauri na unasihi, na wapo, angalau kwenye orodha iliyobandikwa ofisi ya walimu. Mwalimu mwenyewe ana vipindi kamili vya somo lake, hana chumba, na mara nyingi ni huyo huyo wa nidhamu. Kanuni za viboko, Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka huo huo wa 2002, zinasema viboko visizidi vinne, na mkuu wa shule anaweza kumkasimu mwalimu kwa maandishi kuvitoa. Basi asubuhi mwalimu anachapa waliochelewa, na saa nane mchana anatarajiwa kumsikiliza mmoja wao akieleza kwa nini huchelewa. Mtoto anayelala njaa, au anayekimbia nyumbani usiku kwa sababu ya baba wa kambo, hatamweleza. Nami siwezi kumlaumu. Wahitimu wangu hunipigia simu wiki zao za kwanza kazini wakiuliza jambo lile lile: wakatae fimbo na waonekane hawana ushirikiano, au waipokee na waipoteze ofisi? Ninawaambia wakatae. Ningependa niwaambie pia kwamba kuna waraka unaowalinda: mwalimu aliyeteuliwa kuwa mnasihi asikasimiwe viboko kamwe. Waraka huo ni ukurasa mmoja.

Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba mabinti walioacha shule kwa ujauzito wanaweza kurudi darasani. Nilifurahi kama wengi wenu. Binti huyo akirudi anakuta wenzake wa zamani wako madarasa ya mbele, mtoto yuko kwa bibi, matiti yanajaa maziwa kipindi cha hisabati, na wavulana wana majina ya kumwita. Kurudi kwake kunategemea sana kama shuleni yupo mtu mmoja anayejua kukaa naye bila kumhubiria. Mtu huyo anaandaliwa wapi?

Najua jibu ninalopewa kila ninapoyasema haya: wanafunzi ni wengi, walimu ni wachache, na watu wameshauriana vijijini karne nyingi bila shahada. Nichukue hili la mwisho kwanza, maana lina ukweli ndani yake. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwatumia akina bibi wa mitaani huko Harare, wakikaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa 2016, wenye washiriki 573 kutoka zahanati 24, ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipungukiwa na dalili za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Watu wanaitaja habari hiyo kama ushahidi kwamba shule si lazima. Mimi naisoma kinyume. Wale bibi walifundishwa njia moja iliyo wazi ya kutatua matatizo, wakaifanyia mazoezi, na walikuwa na wasimamizi waliofuatilia kazi yao. Walikuwa na kile ambacho mhitimu wetu mwenye digrii hana. Kama ni lazima nichague kati ya bibi anayesimamiwa na mhitimu wa daraja la kwanza ambaye hajawahi kusikilizwa na mtu, mwanangu nitampeleka kwa bibi.

Kuhusu wingi, tazameni wanavyofanya wengine. CACREP, bodi inayoidhinisha programu za unasihi Marekani tangu 1981, inamtaka mwanafunzi wa uzamili afanye saa zisizopungua 100 za mazoezi, 40 kati ya hizo akiwa na wateja wenyewe, halafu saa 600 za kazi zenye saa 240 za wateja, na kila wiki akae na msimamizi wake kwa wastani wa saa moja. Sipendekezi tunakili, nchi yetu haina wasimamizi wa kutosha kufanya hivyo kesho, na shahada yetu ni ya kwanza. Ila tukubaliane kwamba sifuri si nambari ya kuanzia. Kwa shahada ya kwanza naomba saa 60 za mazoezi yanayosimamiwa, angalau 20 zikiwa na wateja halisi, na rekodi zisizopungua nne zilizosikilizwa na mwalimu pamoja na mwanafunzi. Katika chumba cha mazoezi mwalimu mmoja asizidishiwe wanafunzi 15. Chuo kisichoweza hilo kipunguze udahili. Nasema hivyo nikijua kwamba ada za wanafunzi hao ndizo zinazowasha taa za ofisi yangu.

Wasimamizi tunao zaidi ya tunavyodhani. Wapo wanasihi waliofanya kazi kwenye vituo vya kupima VVU tangu miaka ya Angaza, mpango wa upimaji wa hiari, watu waliokaa na wateja wengi kuliko maprofesa wetu wote, ambao hawaruhusiwi kusimamia mwanafunzi kwa sababu wana stashahada. Wapeni mafunzo mafupi ya usimamizi, wapeni posho, watambueni. Mwanafunzi aliye fildi Sumbawanga asimamiwe na mtu aliye Sumbawanga, kila wiki, badala ya kumsubiri mhadhiri anayepanda basi mara moja kwa muhula.

Bado kuna suala la kumzuia asiyefaa, na hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko mengine. Nimefundisha vijana wenye GPA (wastani wa alama) za kupendeza ambao hawapaswi kuachwa peke yao na mtu mwenye huzuni. Mmoja alikuwa akirudia kantini siri za wenzake wa mazoezi, akizifanya vichekesho. Mwingine hakuweza kabisa kujizuia kumwombea mteja apokee wokovu, hata mteja akiwa Mwislamu aliyekuja kuzungumzia deni la VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa. Kwa kanuni za mitihani tulizonazo, nikimweleza mkuu wa idara ataniuliza amefeli somo gani. Hakufeli. Kudisko, yaani kuondolewa chuo, kunatokana na alama, na alama anazo. Naomba kanuni za TCU kwa programu hizi zitambue kwamba mazoezi ya vitendo ni sharti la kufaulu linalosimama peke yake, lisilofidiwa na kozi nyingine. Kwamba mwanafunzi anaelezwa vigezo siku ya kwanza, anaonywa kwa maandishi, anapewa muda na msaada wa kujirekebisha, na ana haki ya kukata rufaa kwa jopo. Wengi watajirekebisha. Wasioweza waruhusiwe kuhamia saikolojia ya nadharia, sosholojia, chochote wanachokiweza, bila kupoteza mkopo wao Bodi ya Mikopo.

Kenya walipitisha Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia mwaka 2014, inayoweka bodi ya kusajili na kusimamia wanataaluma. Wapo wenzangu wanaosema nasi tuanzie hapo, kwenye sheria. Sioni ubaya, ila bodi ya usajili itasajili wanachotoa vyuo. Anzeni na vyuo, ambavyo tayari viko chini yenu na ambavyo mitaala yake iko mezani mwaka huu.

Fomu ninayotumia kupima kikao cha mazoezi ina kurasa mbili. Nitaituma kwa ofisi yoyote kati yenu itakayoihitaji, pamoja na makubaliano ya siri tunayosaini wote kabla ya kuanza muhula. Mkitaka kukiona chumba chenyewe, karibuni siku yoyote ya mazoezi. Anayeingia atakaa ama kwenye kiti cha mteja ama cha mwangalizi. Kiti cha mgeni rasmi hatuna.

Wasalaam,

Mhadhiri wa unasihi
Dodoma